Waya wa Baskeli ya Haroub

Alkhamisi, 3 Aprili

Nadra kaniletea daftari hili. "Andika, mama. Ukikaa kimya hivi utaingia wazimu, na mie sina mama mwengine." Mtoto wa miaka kumi na tisa anampangia mamake la kufanya! Nimelipokea. Litanisaidia kuhesabu siku, maana eda ni miezi minne na siku kumi, na mie hesabu zilinishinda tangu skuli.

Basi tuanze. Mume wangu Haroub kafariki siku ya kumi ya Ramadhani, Jumanne jioni, anarudi kutoka kazini bandarini Malindi kwa baskeli. Mvua ilikuwa imepiga, njia inateleza, gari la mchanga lililokuwa mbele yake likasimama ghafla. Yeye hakuweza kusimama. Mie huku nilikuwa nshapakua uji wa futari.

Leo siku ya ishirini na tatu. Sitoki, sijitii manukato, sivai rangi. Kazi yangu ni kushona mapazia ya watu hapa Kiembe Samaki, na cherehani iko ndani, kwa hivyo kazi haikusimama. Baskeli waliileta wenzake wa bandarini. Imeegemezwa uani, karibu na pipa la maji. Kila nikienda kuchota maji naigeuzia mgongo.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimeshona foronya sita.

Jumapili, 6 Aprili

Nadra kaanza. Anataka baskeli ya babake itengenezwe, awe anaendea chuoni mjini.

"Tununue nyengine," nikamwambia. "Za Kijapani zimejaa, mtumba lakini nzima."

"Sitaki nyengine."

"Ile imekufa, Nadra."

Akanitazama. "Aliyekufa ni baba. Baskeli imepinda ringi tu."

 Nikajifanya natunga uzi kwenye sindano, na sindano ilikuwa na uzi tayari.

Jumanne, 8 Aprili

Nadra kamwita Fundi Mcha, mtengeneza baskeli wa pale konani. Kwa miaka kumi na moja Haroub akifika pale kwa Mcha alikuwa akibana breki na breki inalia, kiii, mtaa mzima unasikia. Mie hapo naweka birika la chai jikoni. Akiingia, maji yanachemka. Hatukuwahi kukubaliana hivyo, ilitokea tu.

Kwa kuwa niko edani, Mcha alikaa kibarazani, mlango wazi, na mie ukumbini nyuma ya pazia. Nikamsikia akizungusha gurudumu. Likasimama, hakulizungusha tena.

"Bi Zuleikha."

"Naam, fundi."

"Hii msiitengeneze. Ringi limepinda, uma wa mbele umerudi nyuma, breki ya mbele haina waya. Nunueni nyengine. Juzi zimeshuka Malindi, nnazo tatu nzuri."

"Lakini vyote hivyo si vinatengenezeka?" akauliza Nadra.

"Vinatengenezeka, mwanangu. Lakini..." Hakumaliza.

Nami huku nyuma nikadakia mbio, "Msikilize fundi, Nadra! Yeye ndiye mwenye kujua."

Nilishukuru kupata wa kuniunga mkono. Ila pale aliposema haina waya niliinua macho juu ya pazia, na nikahisi kama kila mtu anatazama pale ninapotazama mie.

Jumatano, 9 Aprili

Nitaandika, maana sina pa kusemea.

Waya wa breki ya Haroub ninao mimi. Ndio unaoshikilia pazia la ukumbini.

Ilikuwa Jumapili, siku mbili kabla hajafa. Wifi yangu Bashira, dadake Haroub, alikuwa aje kufuturu kwetu Jumatano na watu wake. Bashira ana macho. Akiingia nyumba ya mtu huona vumbi kabla hajamwona mwenyeji. Nami nikashona pazia jipya la kutenga wanawake na wanaume, kijani cha kuiva, nimelitia mikunjo mizuri. Kulitundika, kamba ikalegea katikati likaning'inia kama nguo ya mvuvi. Mshona mapazia, pazia lake mwenyewe limelegea! Bashira angelisimulia mpaka Kizimkazi.

Nikatafuta waya, wangu umekwisha. Kwenye droo ya Haroub nikakuta mmoja mpya, umekunjwa ndani ya karatasi. Nilijua ni wa nini. Wiki nzima alikuwa akisema breki ya mbele imekatika na ya nyuma mpira wake umekwisha, anasimama kwa miguu. Nilijua. Nikachukua koleo, nikaukata kwa kipimo cha mlango, nikaukaza msumari kwa msumari. Pazia likanyooka.

Jumatatu akaniuliza, "Zuleikha, hujauona waya wangu wa baskeli?"

Nikasema, "Sijauona. Utakuwa umeusahau kwa Mcha."

Mwezi wa Ramadhani, nimefunga, na ulimi ukasema hivyo bila hata kutetemeka. Moyoni nikajiambia, wageni wakishaondoka Jumatano ntautoa nimpe. Siku mbili tu.

Jumatano wageni wakaja kweli. Wakakaa nyuma ya pazia lile lile, wanalia.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Siku ya thelathini na mbili.

Jumamosi, 19 Aprili

Bashira kaja na mkate wa mofa na maneno yake. Keshasikia habari ya baskeli.

"Wifi, kitu kilichomuua kaka yangu mnakiweka ndani cha nini? Kitoeni sadaka. Na msiniambie hainihusu, kwenye mirathi na mie n'na fungu langu."

"Shangazi, baskeli haikumuua," Nadra akasema. "Breki ndiyo haikushika."

"Na kwa nini haikushika?"

Nikaingia jikoni. Nikasikia Nadra anamwambia hajui, baba hakuwa mzembe, labda fundi. Kumbe sasa nimemtia na Mcha wa watu ndani. Nikafungua mfereji ili nisisikie zaidi.

Alipokuwa akiaga, Bashira akalishika pazia, akalipapasa pindo. "Mashaallah, wifi. Hili umelipatia." Ndilo neno nililokuwa nikilitaka kwake miaka ishirini.

Jumapili, 20 Aprili

Sikulala vizuri. Nimetia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Nadra kala hivyo hivyo.

Ijumaa, 2 Mei

Mcha kapita tena baada ya sala. Akasimama kibarazani na baskeli nyengine, ya buluu, ina kikapu.

"Bi Zuleikha, hii mchukueni. Sitaki kitu."

"Bure, fundi? Kwa nini?"

"Haroub alikuwa mtu wangu."

Mtu anayegombana na watoto kwa kumwazima pampu leo anatoa baskeli bure! Nikamshuku, nikadhani labda anataka kuja kuniposa eda ikiisha. Hayo ndiyo mawazo yangu, mie mwenye dhambi namtafutia mwenzangu dhambi. Lakini nikamwambia Nadra aipokee. Nilitaka ile ya uani iondoke nyumbani, nisiione tena.

Nadra akamjibu kwa adabu, "Ahsante, fundi. Nitangoja ya baba itengenezwe." Akafunga mlango.

Tukagombana. Nimemwambia ana kichwa kigumu kama babake. Akasema, "Kwa nini wewe na Fundi Mcha mnaikimbia baskeli ile?" Nikamwambia asinipandishie sauti. Hakuwa ameipandisha.

Alkhamisi, 8 Mei

Nadra kaisukuma baskeli mwenyewe kwa fundi mwengine, huko ng'ambo ya barabara kuu. Karudi nayo imenyooka ringi na uma. Anasema waya wa mbele atautia Jumamosi, kwa sasa inatosha ya nyuma. "Nitaisukuma tu, mama, sitaipanda." Nimemwapisha.

Jumatano, 14 Mei

Leo lazima niandike.

Saa moja na nusu asubuhi mvua ilishuka ile ya kufunga macho. Nadra alikuwa keshatoka kwenda kwenye mtihani. Nikaenda uani kukinga maji. Penye baskeli hapana kitu, na ule waya wa Jumamosi alikuwa hajautia. Alama ya gurudumu tu, inajaa maji.

Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikasimama kizingitini. Siku ya sitini na nne ya eda yangu, na mguu wangu ulikuwa haujavuka pale. Nikaiona ile njia, maji yanapita juu yake, na magari ya mchanga ndiyo hayo yanakwenda mbio kama kawaida yao. Nikajisemea, ya kwanza hukusema, na hii pia utakaa ndani ungojee maiti?

Nikatoka. Kanga moja kichwani, miguu mitupu, mbio mpaka konani. Watu wa dukani walinigeukia. Mcha alikuwa anafungua kibanda.

"Fundi! Nadra kapanda ile baskeli! Haina breki ya mbele!"

Nilidhani ataniuliza. Hakuuliza. Akaiacha milango wazi, vyombo vyake vyote nje kwenye mvua, akarukia vespa ya mwenye duka bila hata ruhusa. Uso wake ulikuwa umekauka. Mtu hawi vile kwa mtoto wa jirani tu, hilo nililiona, lakini sikuwa na nafasi ya kuliwaza.

Nikangoja pale pale konani. Sijui muda gani. Mwenye duka alinipa kiti nikakataa, alinipa mwavuli nikausahau mkononi.

Wakaja wawili, Mcha anaisukuma baskeli, Nadra anaburura vespa. Yuko mzima. Amechubuka viganja na goti, kwa kuwa kwenye mteremko ilimshinda akajitupa majanini. Kajitupa mwenyewe! Nikampiga kofi kisha nikamkumbatia, mbele za watu. Mcha akasema, "Mkataze, Bi Zuleikha. Wallahi mkataze," na akageuka kwa haraka, akaanza kuokota vyombo vyake vilivyorowa.

Baada ya alasiri nikamketisha Nadra ukumbini. Nikamfunga vidonda. Nikamwambia, "Tazama juu." Akatazama pazia. "Waya ule ni wa breki ya babako. Nimeutoa kwenye droo yake nikaukata. Akaniuliza, nikamwambia sijauona."

 Aliutazama ule waya mpaka nikatamani anitukane. Kisha akaondoa mkono wake kwenye mikono yangu, taratibu, kidole kimoja kimoja, akaingia chumbani kwake.

Ijumaa, 16 Mei

Bashira kapiga simu. Habari zimemfika kuwa nimeonekana barabarani kanga kichwani, eda nimeitupa. Nimemwambia ilikuwa dharura na dharura sheria inairuhusu. "Sheria inaruhusu, wifi, lakini watu je?" Angelijua lile jengine asingehangaika na hili.

Jumanne, 20 Mei

Nadra sasa anatokea mlango wa uani. Hapiti penye pazia.

Jumamosi, 24 Mei

Nimepanda kwenye kiti kuutoa waya. Nimeshika koleo, nikashuka. Nikiutoa nitaufanya nini? Nimpe nani? Mficha uchi hazai, wanasema, na mie nshauonyesha uchi kwa mwanangu na bado sijazaa kitu.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Nadra kanishika mkono akaubusu kama desturi, macho chini. Mvua imekwisha, kipupwe kimeanza.

Jumanne, 10 Juni

Leo Nadra kaingia kwa mlango wa mbele. Nikashtuka. Nyuma yake nikasikia hodi ya Mcha, akakaa kibarazani pale pale pake. Nadra akabaki amesimama katikati, huku mie, kule yeye, pazia kando ya bega lake.

"Nilikwenda kununua waya," Nadra akasema, "nikamweleza kwa nini. Fundi, mwambie mama ulichonambia."

Mcha akakohoa. Sauti yake sikuijua, ilikuwa ndogo.

"Haroub alipita kwangu asubuhi ya siku ile, anakwenda kazini. Anacheka. Akanambia, Mcha, waya nilioununua kwako umetundika pazia. Nikamwambia kautoe. Akasema hapana, kesho dada yangu anakuja kufuturu, na Zuleikha kalishona pazia lile siku tatu. Liache. Na usije ukamwambia kuwa nnajua, atatahayari. Nipe mwengine."

Nilikuwa nimekaa, nikajikuta nimeshika mguu wa cherehani.

"Nilikuwa nao, Bi Zuleikha. Ulikuwa kwenye kopo, nyuma yangu. Nilikuwa na baskeli ya mtu mkononi, nikaona uvivu kuinuka. Nikamwambia, pitia jioni ukirudi."

Nje kuku anaparura.

"Ndiyo maana nikataka mnunue nyengine," akasema. "Ile siwezi kuishika. Nikiishika naona ninapotakiwa kutia waya."

Nitaandika kweli yote. Cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa raha. Allah anisamehe, nimeona raha kwamba na mwenzangu ana lake. Nikasema ndani ya nafsi yangu, kumbe si mie peke yangu. Raha hiyo haikufika hata adhana ya magharibi. Kwani Mcha kukaa kwenye kiti chake hakunifutii uongo wa ulimi wangu.

Na lililobaki ni hili: alijua. Jumatatu usiku alikaa pale kwenye mkeka anakula daku, anatazama juu, nami nikadhani anasifu mikunjo. "Pazia limependeza," alisema. Nikajibu, "Si kazi yangu?" Yule mtu alinisitiri nisione haya mbele ya dadake, na mie nimemwacha aende barabarani bila breki kwa sababu hiyo hiyo. Nimekasirika naye. Mbona hakunigombeza! Angenigombeza, angelikuwa hai.

Nikasema, "Ahsante kwa kunambia, fundi." Sikuweza zaidi. Mcha naye akasema, "Nisamehe." Nikamwambia aliye na haki ya kusamehe yuko mchangani, mie na yeye Mcha tuko foleni moja.

Nadra akanyoosha mkono, akalishika pazia, akapita.

Jumapili, 29 Juni

Tumekubaliana. Hatununui nyengine. Baskeli ya Haroub itatengenezwa, na atakayeitengeneza ni Mcha. Nilimtumia ujumbe kupitia kwa Nadra, Mcha akakataa. Nikamtumia mara ya pili: mie nimekaa miezi mitatu chini ya waya ule, weye kaa nao saa moja tu. Akajibu atakuja siku nitakayotoka eda.

Alkhamisi, 17 Julai

Siku ya mia na ishirini na nane. Nimetimiza.

Asubuhi kabla wanawake hawajaja kunitoa edani, nilipanda kwenye kiti, nikaking'oa kile kichwa cha waya kwenye msumari. Pazia likaanguka lote miguuni mwangu, kijani chote. Nadra akanipokea waya. Mcha alikuwa kibarazani na baskeli imegeuzwa juu chini.

"Unafika?" nikauliza. Nilikuwa nimeukata, nikiogopa nimeuharibu.

Akaupima. Akaupima tena. "Unafika," akasema, "na unabaki."

Wanawake wakaja na ubani na maji ya waridi. Nikakoshwa, nikavishwa nguo ya rangi, nikatiwa udi. Walikuwa wanacheka, wananitania kuwa nimenenepa. Bashira aliingia mwisho. Macho yake yakaenda pale pale nilipojua yatakwenda.

"Wifi, pazia liko wapi? Mlango uko mtupu."

Nadra akanitazama. Ningeweza kusema linafuliwa. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, kama lile la kwanza.

"Nimelitoa, Bashira. Lilikuwa limetundikwa kwa waya wa breki ya kaka yako. Niliuchukua ili pazia lisilegee utakapokuja kufuturu. Aliniuliza nikamficha."

Wanawake wakanyamaza mmoja baada ya mmoja, mpaka ukawa unasikia mkaa wa chetezo. Bashira alisimama akanitazama. Nilimngoja apige ukelele, anilaani, anishike nywele. 

"Mie?" akasema. "Kwa ajili ya kuja mie? Zuleikha, mie ningekaa hata nyuma ya gunia."

Akachukua buibui lake. Hakugusa chakula. Mlangoni aliikuta baskeli kibarazani, akasimama, akaweka mkono kwenye kiti chake cha ngozi, akauacha hapo kidogo. Kisha akaenda zake.

Jumamosi, 19 Julai

Nimempigia Bashira. Hakupokea.

Jumapili, 20 Julai

Hakupokea. Pazia nimelikunja, sijui nilifanye nini. Huku mlango uko wazi na upepo unapita mpaka uani.

Jumatatu, 21 Julai

Nadra kaenda chuoni kwa baskeli, saa moja kamili. Kabla ya kuondoka kaibana breki ya mbele mara tatu mbele yangu, kunionyesha. Nimesimama nje kibarazani mpaka akapotea, sasa naruhusiwa. Bashira hajapokea. Nitampigia tena kesho, na kesho kutwa.

Kutwa sikushona kitu. Saa kumi na robo breki ikalia pale konani, kiii, mtaa mzima ukasikia. Nikainuka nikaweka birika.